Kumpata mtaalamu wa saikolojia mtandaoni ukiwa Moshi au Arusha: mwongozo kwa mwenye haya

Kumtafuta mtaalamu wa kukusaidia kujithamini kunadai kile kile ulichopungukiwa nacho. Inakubidi uulize bei, udai kujua mtu amesomea wapi, na pengine umkatalie mtu mwenye shahada yake, ilhali wewe ni yule ambaye hata nyama ikipimwa pungufu buchani huchukua mfuko wako na kuondoka kimya. Mwongozo huu nimeuandika kwa kumfikiria mteja wa namna hiyo, kwa sababu nilikuwa mmoja wao, nikiwa nimepanga chumba na sebule Majengo, Moshi.

Mnasihi wangu wa kwanza nilimpata kwa tangazo la mtandaoni, nikalipia vikao sita kwa mkupuo kwa kuwa aliniambia ndivyo wateja makini wanavyofanya. Katika kikao cha pili, nilipokuwa nikimweleza jinsi nilivyonyamaza kwenye kikao cha ukoo, nilisikia kijiko kikigonga sahani. Alikuwa anakula. Akaitikia "mm" mahali pasipohitaji kuitikiwa, kisha akaniuliza swali nililokwisha kulijibu. Mtu anayejithamini angekata simu pale pale, lakini mimi nilikichukua kijiko kile kuwa ushahidi kwamba mambo yangu hayana uzito wa kumzuia mtu kula. Nikamaliza vikao vyote sita, na mwishoni nikamtumia ujumbe mrefu wa kumshukuru.

Anza kwa kutenganisha maneno mawili ambayo hutumiwa kana kwamba ni moja. Kujiamini ni kuona kwamba unaweza kufanya jambo fulani. Kujithamini ni kuona kwamba una thamani hata siku ambayo jambo hilo limekushinda. Miji yetu hii miwili imejaa waongoza watalii wanaowapandisha wageni hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, wakitoa maelekezo usiku wa manane katika baridi kali bila sauti kutetemeka, kisha wakirudi nyumbani mtu anakosa usingizi kwa sababu mgeni mmoja alitoa bakshishi ndogo na yeye akaipokea kama bei ya utu wake. Mtu huyu ukimpeleka kwenye semina ya kuzungumza mbele ya hadhara hutakuwa umemsaidia, kwa kuwa hakuumia hapo. Ukitaka kujua umesimama wapi, kuna dodoso fupi la kupima kujithamini, la mwanasosholojia Morris Rosenberg, la mwaka 1965, lenye kauli 10 ambazo kila moja unaikubali au kuikataa kwa kiwango. Halitoi jina la ugonjwa, wala halikutungwa kwa kazi hiyo, lakini ukilijaza leo na kuandika jumla yake kwenye daftari utakuwa na kitu cha kulinganisha baada ya miezi mitatu.

Ikiwa mbali na kujidharau umepoteza usingizi, hamu ya kula au raha ya mambo uliyoyapenda, na hali hiyo imekaa wiki mbili au zaidi, muone daktari ana kwa ana kabla ya kutafuta mtu wa mtandaoni, kwa maana hiyo yaweza kuwa sonona, na pia upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingo huweza kumfanya mtu ajione mzito na asiyefaa kitu. Kwa wa Moshi, hospitali ya KCMC ipo. Kwa wa Arusha, hospitali ya rufaa ya Mount Meru. Na kama mawazo yamefika mahali pa kutaka kujidhuru, usipange kikao cha wiki ijayo: mwambie mtu mmoja aliye karibu akupeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa mtaalamu aliye nyuma ya kioo cha simu hawezi kuja kugonga mlango wako.

Sasa, nani ni nani? Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili anayeweza kuandika dawa, na hapa nchini husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwanasaikolojia tiba amesomea kupima na kutibu kwa mazungumzo. Chuo kikuu cha Muhimbili, kwa mfano, kinatoa shahada ya uzamili katika fani hiyo. Mnasihi, au mshauri nasaha kama wengi wanavyomwita, anaweza kuwa na mafunzo ya miaka kadhaa au ya wiki chache, na jina peke yake halitakuambia. Mhamasishaji ni mtu mwenye sauti nzuri. Simdharau, lakini anayekuahidi kujiamini ndani ya siku 21 hatibu kitu, na mara nyingi usipobadilika atakuambia hukutia nia, jambo ambalo wewe ulikuwa unajiambia tayari bila kulipia.

Ukivuka mpaka, taratibu hubadilika. Kenya ina Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili, hivyo unaweza kumwomba mtu wa Nairobi namba yake ya usajili bila kuonekana mjuaji. Uingereza neno "mwanasaikolojia" likiwa peke yake halilindwi na sheria, ila cheo cha mwanasaikolojia tiba kinalindwa, na rejesta ya HCPC, baraza linalowasajili huko, inatafutika mtandaoni bila malipo. Marekani leseni hutolewa na jimbo moja moja. Muulize waziwazi kama leseni yake na bima yake vinamruhusu kumhudumia mtu aliye Tanzania.

Hata hivyo, kipimo ambacho mimi ningekiweka mbele ya hivyo vyote ni lugha. Isikilize ile sauti inayokudunisha unapokosea: inasema lugha gani, na inatumia maneno ya nani? Yangu ilisema Kiswahili chenye lafudhi ya nyumbani, kwa sauti ya mtu mzima mmoja aliyezoea kuniuliza mbele ya wageni kama na mimi nitakuja kuwa mtu. Nilipojaribu kumweleza mtaalamu wa Ulaya kwa Kiingereza, kila kitu kilitoka kikiwa safi na kimepigwa pasi, kama ripoti ya ofisi, na hakuna kilichoniuma. Ilinibidi pia nitumie nusu ya kikao kueleza Desemba. Mtu wa huku hakuna haja ya kumweleza Desemba: anajua utani wa Wachagga kwenda nyumbani "kuhesabiwa", anajua maana ya kushuka kwenye basi na begi moja wakati binamu zako wanapaki magari chini ya migomba, na anajua kwamba swali "wewe uko wapi siku hizi?" halihusu mahali.

Kwa hiyo ukiweza, tafuta mtu anayejua lugha unayojisuta nayo. Wapo watakaosema kwamba mgeni kabisa ni bora kwa kuwa hatakuhukumu kwa mila, nami nawaelewa, hasa ukizingatia kwamba Moshi ni mji mdogo na hata Arusha, kwa ukubwa wake wote, mnasihi wa Njiro anaweza kuwa jumuiya moja na shangazi yako. Lakini hapo ndipo mtandao unapofaa: mtaalamu wa Dodoma, Mwanza au Dar es Salaam anazijua desturi bila kuwajua watu wako. Huyo ndiye ningemtafuta kwanza, wa Nairobi awe wa pili.

Ukishapata majina mawili au matatu, usipige simu. Mwenye haya akipiga simu hukubali kila anachoambiwa. Andika ujumbe, uusome mara mbili, utume huo huo kwa wote. Unaweza kuwa hivi: "Habari za kazi. Ninatafuta msaada kuhusu kujithamini. Naomba kujua umesomea nini na wapi, ni nani anayekusimamia katika kazi yako, unatumia njia gani kwa tatizo kama langu, na kikao kimoja ni muda gani na bei gani. Ningependa kulipia kikao kimoja kimoja. Asante." Hakuna neno la kuomba radhi humo, na usiliongeze.

Jibu la swali la tatu ndilo lenye uzito. Mtaalamu anayeijua kazi yake atakueleza kwa maneno ya kawaida. Akifuata tiba ya fikra na tabia, anaweza kukusimulia kitu kinachofanana na maelezo aliyoyatoa mwanasaikolojia wa Uingereza Melanie Fennell mwaka 1997: kwamba mambo ya utotoni humfanya mtu afikie hukumu moja juu yake mwenyewe, kisha ajitungie kanuni za kuificha hukumu hiyo, mathalani "nisikosee kamwe" au "nisimkatalie mtu", na kila kanuni inapotishiwa kuvunjika hofu hupanda na hukumu ile huonekana kuwa kweli. Kazi yenu basi huwa kuijaribu kanuni kwa vitendo vidogo, kama kumwambia muuza nyama aongeze kipande hadi mizani itimie, na kuona kinachotokea. Tiba ya namna hii kwa kawaida huchukua kati ya vikao 6 na 20. Mwingine atafuata njia tofauti, na si kosa, mradi aweze kuieleza. Anayejibu "njoo tu tuzungumze, utaona mabadiliko" hajakujibu. Swali la msimamizi nalo lisikutishe: wanasihi wazuri huwa na mtu mwenye uzoefu zaidi wanayempelekea kazi zao azikague bila kutaja majina ya wateja, na huwa hawakasiriki kuulizwa.

Malipo yafanye kwa kikao, si kwa mkupuo. Unapolipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri. Lisipofanana na la mtaalamu wala la kituo chake, simama uulize. Kumbuka pia kwamba jina hilo litabaki kwenye ujumbe wa muamala, na katika nyumba ambayo simu hushikwa na kila mtu, mke au mdogo wako atauliza huyo ni nani. Amua mapema utajibu nini, au ufute ujumbe.

Faragha kwetu kwa kweli huvunjwa na ukuta kabla haijavunjwa na wadukuzi. Nyumba za kupanga zenye uwanja mmoja wa kufulia hazina siri: jirani anayeanika nguo dirishani anasikia hadi pumzi yako. Vaa spika za masikioni, ili angalau upande wa mtaalamu usisikike, na upange kikao wakati wapangaji wengi wako kazini. Mimi nilimwomba mwenye duka la vifaa vya shule ninakofanya hesabu aniachie stoo kwa dakika 50 kila Jumatano baada ya kufunga. Nilikaa juu ya boksi la madaftari, na sijapata chumba kizuri zaidi ya kile. Kwa upande wa majukwaa makubwa ya nje, soma masharti yao ya taarifa kabla ya kujaza dodoso lao la kwanza. Machi 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza makubaliano ya BetterHelp, jukwaa la ushauri nasaha wa mtandaoni, kulipa dola milioni 7.8, kutokana na madai kwamba ilizipa kampuni kama Facebook na Snapchat taarifa za wateja walioahidiwa siri. Hapa nyumbani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo una haki ya kumuuliza mtaalamu anaandika nini juu yako na anakihifadhi wapi.

Kuhusu saa, kuwa mwangalifu. Mtaalamu wa London akikupangia saa 17:00 ya kwao, hiyo kwetu ni saa 2 usiku majira yao ya baridi, na saa 1 usiku wanaposogeza saa zao mbele. Nimewahi kukaa mbele ya simu saa nzima nikidhani nimesahauliwa, kumbe nilihesabu vibaya. Mkubaliane vilevile kwamba umeme ukikatika au bando likiisha ni nani atakayempigia mwenzake, maana mtu anayejidharau simu ikikatika hafikirii mtandao, hufikiri amekatiwa. Sauti bila picha hula bando kidogo sana, na wengine huongea kwa uhuru zaidi wasipotazamwa.

Vikao viwili vya kwanza vitakuwa na aibu yake, na si sababu ya kuacha. Ila baada ya cha nne jiulize kama mtaalamu anakumbuka ulichosema wiki iliyopita, kama kuna jambo moja ulilolijaribu nje ya kikao, na kama ungeweza kumwambia kwamba hukupenda alichokisema. Hilo la mwisho lijaribu kweli, hata kwa jambo dogo. Akipokea vizuri, umepata mtu. Akikugeuzia kibao, andika: "Asante kwa muda wako. Sitaendelea na vikao." Huhitaji kueleza sababu, na kama kuna kikao ulichokwisha kukilipia ambacho hakijafanyika, ongeza sentensi ya tatu ya kuomba fedha yako irudishwe kwenye namba ile ile uliyolipia.