Mambo ya kuzingatia kabla hujapanga nyumba ya familia ushuani Dar

Watu wengi wakishapata watoto wawili watatu wanaanza kuwaza kuhamia sehemu zilizotulia, Masaki, Oysterbay, Msasani, Mikocheni, Regent, Mbezi Beach, wanataka fensi, bustani, lami mpaka getini na usiku wa kulala. Ni jambo zuri, na kama uwezo upo hamia. Ila elewa kitu kimoja kwanza: ule utulivu unaoulipia ndio huo huo unaokuficha habari za nyumba. Uswahilini ukienda na dalali kuangalia chumba, hujavua hata viatu mama wa jirani ameshakwambia choo kinafurika na mwenye nyumba anapandisha kodi kila mwaka. Ushuani kila mtu yuko nyuma ya ukuta wake, anapita na gari vioo juu, hakuna atakayekwambia chochote. Kwa hiyo habari zote lazima uzitafute mwenyewe, na uzitafute hela ikiwa bado iko mfukoni mwako.

Tuanze na hela yenyewe. Wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, juu yake kuna dalali ambaye kwa kawaida anachukua kodi ya mwezi mmoja, na wapo wenye nyumba wanaotaka pia hela ya tahadhari ya uharibifu. Usipige hesabu ya kodi peke yake. Mlinzi, taka, mtu wa bustani, dawa za bwawa kama lipo, mafuta ya jenereta, kunyonya chemba, hivyo vyote ukivijumlisha ni kodi nyingine ndogo. Uliza kabla nani analipa kipi. Na ukitajiwa bei kwa dola kataa kistaarabu, kuna kanuni za mwaka 2025 zinazokataza kutangaza na kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, mkataba uandikwe kwa shilingi. Kama kampuni yako ndiyo inakulipia, ujue kwenye hela ya pango watakata kodi ya zuio ya serikali asilimia 10, mwambie mwenye nyumba mapema asije akadhani umempunja.

Umeme. Hakikisha nyumba ina mita yake, isiwe mita moja na nyumba ya uani au na saluni ya mtu. Ukiwa bado unaangalia nyumba, nunua Luku ya elfu kumi kwa hiyo mita na usome makato. Deni la mpangaji aliyepita linafuata mita, halimfuati yeye, na tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo, kwa hiyo nyumba iliyokaa tupu muda mrefu inakuwa na malimbikizo ambayo utayakuta yanakusubiri. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, muandikishane kwamba atakurudishia au atapunguza kwenye kodi ya pango. Washa AC zote kwa pamoja uone kama umeme unahimili. Yaani zote, usione aibu.

Maji. Hapa watu wa pwani mnanielewa. Nyumba nyingi za rasi ya Msasani na ukanda ule wa baharini zina visima, na maji ya visima vile mengi ni ya chumvi. Dalali atafungua bomba, maji yanatoka kwa nguvu, atakwambia hapa maji hayakatiki. Onja. Alafu nenda bafuni uangalie bomba la mvua na hita, ukiona ukoko mweupe umeganda ujue kila hita utakayofunga itakufa mapema na nguo nyeupe za shule ndio basi tena. Uliza kama kuna laini ya DAWASA, uombe bili ya mwisho uione kwa macho, deni la maji nalo linabaki kwenye nyumba. Tangi la akiba liwe na ujazo wa kutosha familia, sio la mapambo.

Sasa nije kwenye hili ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Hakikisha anayekupangisha ana haki ya kukupangisha. Kuwa na funguo haitoshi, kuwa na kopi ya hati haitoshi, na jina lake la mwisho kufanana na lililoko kwenye hati nalo halitoshi.

Dada yangu na shemeji walipata nyumba Mbezi Beach, vyumba vinne, muembe mkubwa uani, kibanda cha mlinzi, watoto siku waliyopelekwa kuiona walikimbia bustani nzima mpaka dada akasema hapa ndio tumefika. Aliyewapokea ni kaka mmoja mstaarabu sana, anaongea taratibu, akawaeleza nyumba ni ya baba yake ambaye ni marehemu na yeye ndiye anayeiangalia. Akatoa kopi ya hati, jina la mzee lipo. Akatoa kitambulisho cha taifa, jina la ukoo ndilo lile lile. Picha ya mzee ilikuwa bado imetundikwa sebuleni. Shemeji akasema ngoja nimshirikishe mwanasheria, kaka akajibu hamna shida ila kuna familia nyingine inakuja jioni na hela yote, na dalali naye pembeni anasukuma, bosi nyumba hii ukiichelewa huioni tena. Wakalipa mwaka mzima.

Masika haijaisha, asubuhi moja geti linagongwa, yupo mama mtu mzima na wadogo zake wawili na barua ya wakili. Yeye ndiye msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, anaishi Mwanza, yule kaka ni mdogo wake kwa mama mwingine na hana mamlaka yoyote juu ya ile nyumba, na hela ya kodi hakuna ndugu hata mmoja aliyeiona. Kaka akapigiwa simu, ikaita, ikakatwa, baadaye ikawa haipatikani kabisa. Hapo mtoto wao mkubwa yuko darasa la saba, mtihani Septemba, nyumba nzima watu hawalali, dada anafunga vitu kwenye maboksi anavifungua anavifunga tena, shemeji kila siku ni polisi, serikali ya mtaa, wakili, polisi.

Serikali ya mtaa ndio walipoambiwa kwamba mgogoro wa ile nyumba unajulikana miaka na faili lipo ofisini. Kilichomuumiza dada zaidi ni mlinzi wa nyumba ya mbele, mzee wa watu, alimwambia mama mimi nilipowaona mnashusha vitu niliwahurumia, maana waliowatangulia waliondoka hivi hivi. Sasa kwa nini hukutuambia baba? Hamkuniuliza, na mimi ni mlinzi tu wa mtu, naanzaje kugonga geti la watu niseme habari za urithi. Na kweli, huwezi kumlaumu.

Yule mama wa Mwanza hakuwa mtu mbaya. Aliwaruhusu wabaki mpaka mtoto afanye mtihani, ila kodi walipe upya kwake kwa sababu ile mali ina warithi wengine na yeye lazima awape hesabu. Kwa hiyo nyumba moja, kipindi kile kile, wakailipia mara mbili, alafu wakahama. Hela ya kwanza mpaka leo haijarudi, na shemeji alikuwa amekopa sehemu ya ile hela kwenye saccos ya kazini, mkopo wameendelea kuulipa wakiwa kwenye nyumba nyingine ndogo zaidi.

Kwa hiyo tafadhali fanya hivi. Omba namba ya kiwanja na kitalu na namba ya hati, nenda ofisi ya ardhi uombe upekuzi rasmi, ni hela kidogo ukilinganisha na kodi ya mwaka. Utaona jina la mmiliki, utaona kama nyumba imewekwa rehani benki, utaona kama kuna mtu ameweka zuio, yaani pingamizi juu ya nyumba. Rehani sio lazima iwe balaa, nyumba nyingi zina mikopo, ila benki ikija kuuza usije ukasema hukujua. Kama mwenye nyumba ni marehemu, anayetakiwa kusaini na wewe ni msimamizi wa mirathi, omba barua ya uteuzi ya mahakama alafu uende na ile namba ya shauri mahakamani uhakikishe, kwa sababu karatasi yoyote siku hizi inachapwa. Kama mwenye nyumba yuko nje ya nchi, anayemuwakilisha awe na hati ya uwakilishi ya kisheria, na mpigie mwenye nyumba kwa video umuone uso. Kama nyumba ni ya mume na mke wasaini wote. Hela ipite benki kwenye akaunti yenye jina la mmiliki au ya mirathi, usimpe mtu taslimu kwenye bahasha hata awe mpole kama malaika.

Na uliza watu. Ushuani wanaojua mambo sio wenye magari. Ni walinzi, mama ntilie anayewapikia hao walinzi, boda wa pale kona, muuza vocha, vijana wa taka, fundi bomba wa mtaa. Nenda bila dalali, nunua chai, kaa, ongea na watu kwa heshima, sema nataka kuhamia nyumba ile yenye geti la kijani, mnaionaje? Utaambiwa mambo ambayo hakuna ofisi itakuambia, pamoja na wapangaji waliopita waliondoka kwa nini. Alafu pita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, uko nae mtaa mmoja lazima akujue tu.

Mvua. Usichukue nyumba Mikocheni, Msasani au Mbezi Beach kwa kuiona Januari jua linawaka. Kuna sehemu maji ya ardhini yako juu sana, masika ikishika chemba zinajaa zenyewe hata kama hamjaenda chooni, na maeneo ya karibu na mto Mlalakuwa au Bonde la Mpunga kila mtu mjini anajua yanavyokuwa. Angalia kuta kwa chini, rangi iliyopauka au iliyopakwa upya futi moja tu kutoka sakafuni ina maana yake, huenda maji yalifika hapo. Fungua mfuniko wa chemba. Uliza gari la majitaka lilikuja lini mara ya mwisho na linaingilia wapi, kuna nyumba nzuri kabisa ambayo lile gari haliwezi kufika na hapo ndio utajua shida ni nini.

Kelele. Pita Ijumaa na Jumamosi usiku, saa tano hivi. Mchana mtaa umetulia tuli, usiku nyumba ya tatu ni baa yenye bendi. Makazi mengi yamegeuka baa na kumbi, ukishahamia kazi yako itakuwa kuandika malalamiko NEMC, watu wa mazingira, huku mtoto halali.

Foleni nayo ipime. Jumatatu asubuhi toka getini saa kumi na mbili na nusu uende mpaka shule ya watoto na kazini, hasa kama unategemea barabara ya Bagamoyo. Mfikirie na dada wa kazi kama analala kwake, kutoka kituo cha daladala mpaka kwako ni umbali gani na usiku kuna taa?

Bwawa la kuogelea kama una mtoto mdogo na halina uzio wake, mwenye nyumba aliwekee uzio kabla hamjaingia, na kama hataki tafuta nyumba nyingine, hapo hakuna mjadala. Chungulia na kwa jirani. Nyumba iliyofungwa yenye bwawa limetuama ni kiwanda cha mbu, na Dar tumeshapitia dengue 2014 na 2019, mbu wake anapenda maji yaliyotuama na anauma mchana watoto wakiwa wanacheza.

Mkataba mpelekee mwanasheria wako, sio wa mwenye nyumba. Sheria ya zamani iliyokuwa inadhibiti kodi za pango ilifutwa 2005, kwa hiyo kinga yako kubwa ni kile mlichoandika: notisi ya muda gani, kodi inapanda lini, nani anatengeneza pampu na paa, na ukilazimika kuondoka kwa sababu ya mgogoro wa umiliki hela yako inarudi vipi. Hicho kipengele cha mwisho mwenye nyumba halali hana sababu ya kukikataa. Lipieni ushuru wa stempu, mkataba usio na stempu mahakamani unasumbua. Siku ya kukabidhiwa piga picha kila chumba, kila ufa, kila bomba, umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Badilisha vitasa vyote, funguo za zamani hujui ziko mikononi mwa nani. Usitume hela ya kushikilia nyumba ambayo hujaiona, na ukiambiwa kuna mwingine anakuja jioni, mwache aje. Kagua fensi ya umeme kama inafanya kazi kweli, angalia nondo za madirisha kama kuna pa kutokea moto ukitokea, mjue mjumbe, weka namba ya zimamoto 114 kwenye simu za watu wote wa nyumbani mpaka ya dada wa kazi, na mlinzi mpya usimpokee bila barua ya kwao na mdhamini.