Jinsi ya kuingiza blokucheni katika masjala ya ardhi: mwongozo kwa maofisa wa usajili

Ofisi ya ardhi inayofikiria kutumia blokucheni inapaswa kwanza kujua ni udanganyifu wa aina gani inataka kuuzuia. Blokucheni ni daftari la kielektroniki ambalo nakala zake hutunzwa na taasisi kadhaa kwa pamoja, na ambalo kila ukurasa mpya hubeba alama inayotokana na ukurasa uliotangulia, kiasi kwamba mtu akibadilisha neno moja la zamani, alama zote zinazofuata hukataa kulingana. Daftari la namna hii hufichua hila zinazofanyika baada ya usajili: jalada lililonyofolewa ukurasa, jina lililobadilishwa kwenye kompyuta nje ya saa za kazi, rehani iliyofutwa bila benki kuarifiwa. Haliwezi kitu mbele ya uongo ulioingizwa tangu mwanzo. Kiwanja chenye milki pandikizi kitabaki na wamiliki wawili, na sasa kila mmoja wao atakuwa na ushahidi usiofutika.

Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya bajeti na muda itumike kabla ya programu yoyote kununuliwa. Georgia, nchi ya Caucasus inayotajwa sana katika jambo hili, iliingia makubaliano na kampuni ya Bitfury mwaka 2016 ili kutumia blokucheni katika usajili wa ardhi. Lakini Wakala wake wa Taifa wa Usajili wa Umma ulikuwa umeundwa tangu 2004, na kumbukumbu zake zilikwisha kuwa za kidijiti. Nchini Honduras, mradi uliotangazwa mwaka 2015 pamoja na kampuni ya Factom ulikwama. Mimi nasoma tofauti hiyo kama tofauti ya masjala zenyewe na utashi wa serikali zake, si ya teknolojia.

Usafishaji wa kumbukumbu huanza kwa kukipa kila kiwanja namba moja ya kipekee, kisha kulinganisha jalada la karatasi, ramani ya upimaji na hali halisi ya ardhini. Pale ambapo vitu hivyo vitatu havikubaliani, kumbukumbu iwekewe alama ya wazi kwamba ina mgogoro, wala isisajiliwe kana kwamba ni safi ili takwimu za mradi zipendeze. Katika vijiji vya Tanzania, ambako Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki miliki ya kimila, uhakiki ufanywe shambani mbele ya majirani na viongozi wa kijiji, kwa kuwa mipaka mingi haijawahi kuandikwa popote.

Sheria nayo isisubiri hadi mwisho. Mamlaka ya ardhi ya Sweden, Lantmäteriet, ilianza kuujaribu mfumo huu mwaka 2016 ikishirikiana na kampuni ya ChromaWay, na kiufundi majaribio yalikwenda vizuri. Kilichowazuia ni kwamba sheria ya nchi ilidai mauziano ya ardhi yatiwe saini kwa mkono kwenye karatasi. Mwanasheria wa serikali atoe majibu ya maandishi mapema kuhusu saini za kielektroniki, na kuhusu swali moja gumu zaidi: masjala na blokucheni zikipingana, ipi itafuatwa? Ushauri wangu ni kwamba masjala iendelee kuwa mamlaka, na blokucheni iwe ushahidi wa kilichokuwamo siku ya kuandikwa.

Kinachoingia na kisichoingia

Hapa ndipo wabunifu wengi hukosea. Hati, ramani na majina ya wamiliki visiwekwe kwenye blokucheni. Vitunzwe katika kanzidata ya kawaida ya masjala, na kinachopelekwa kwenye mnyororo, yaani blokucheni yenyewe, kiwe ni heshi peke yake, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye kumbukumbu. Kanuni ya SHA-256, kwa mfano, hugeuza waraka wowote, uwe wa ukurasa mmoja au mia moja, kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, na koma moja ikiongezwa mfuatano wote hubadilika. Heshi za miamala mingi zinaweza kuunganishwa hadi kupata alama moja ya jumla. Georgia ilifuata njia hiyo: miamala iliwekwa katika mnyororo wa ndani, kisha alama yake ya jumla ikachapishwa kwenye blokucheni ya Bitcoin, ambayo serikali haina uwezo wa kuihariri.

Heshi ikokotolewe kutoka kwenye data iliyopangwa kwa utaratibu mmoja usiobadilika, si kutoka kwenye picha ya hati. Karatasi ileile ikiskaniwa mara mbili hutoa mafaili mawili tofauti, na hivyo heshi mbili zisizofanana, jambo litakaloleta kengele za uongo kila siku. Vilevile, heshi ya namba ya kitambulisho pekee si siri. Namba ya kitambulisho cha Kenya yenye tarakimu nane inaweza kubahatishwa na kompyuta ya kawaida kwa muda mfupi sana. Ile ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho ya Tanzania, ina tarakimu 20, lakini nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Kila kumbukumbu iongezewe namba nasibu ndefu, yaani isiyofuata mpangilio wowote, kabla ya kukokotolewa, na namba hiyo ibaki ndani ya masjala. Bila hivyo ofisi itajikuta ikivunja sheria za ulinzi wa data, ya Kenya ya 2019 au ya Tanzania ya 2022, kwa kitu isichoweza kukifuta tena.

Nani ashike nakala

Iwapo kompyuta zote zinazotunza mnyororo ziko katika chumba kimoja cha wizara, chini ya msimamizi mmoja, fedha za umma zimepotea bure, kwani msimamizi huyo anaweza kuuandika upya mnyororo mzima. Nakala zigawiwe taasisi ambazo maslahi yao hayafanani: mahakama, ofisi ya mkaguzi wa hesabu za serikali, chama cha mawakili, benki zinazopokea hati kama dhamana. Muamala wa kuhamisha miliki usipite kwa ufunguo, yaani namba ya siri ya kutilia saini ya kidijiti, wa msajili mmoja. Uhitaji saini za kidijiti za watu wawili au zaidi wa ngazi tofauti, na uwepo utaratibu wa kubatilisha ufunguo siku ileile ofisa anapohamishwa, anapostaafu au anapofariki.

Makosa yatakuwapo, na mahakama zitaendelea kutengua miliki. Amri ya mahakama isitekelezwe kwa kufuta. Iandikwe kama tukio jipya linalobatilisha lililotangulia, likitaja namba ya shauri.

Kuanza

Chagua eneo dogo lililokwisha kupimwa na lenye mauziano ya kutosha, kisha uendeshe mfumo mpya sambamba na wa zamani. Kenya ilianzia Nairobi ilipozindua Ardhisasa, mfumo wake wa huduma za ardhi mtandaoni, mwezi Aprili 2021, na mfumo wa namna hiyo, ambao tayari una data ya kidijiti, ndio mahali rahisi pa kuongezea heshi. Mkataba na kampuni ueleze kwamba data na msimbo ni mali ya serikali. Mwananchi anayefanya upekuzi wa kumbukumbu za kiwanja apewe cheti chenye uthibitisho anaoweza kuuhakiki mwenyewe kwa simu, hata siku ambayo tovuti ya wizara haipatikani.

Kabla ya kuhamia wilaya ya pili, mkaguzi wa nje abadilishe kwa siri, na kwa kibali cha maandishi, jina katika kumbukumbu moja ya nakala ya majaribio. Ipimwe inachukua muda gani taasisi nyingine kugundua, na nani aliyegundua. Ikiwa ni mkaguzi mwenyewe aliyelazimika kuwaambia, upanuzi usimame.