Somo: Jinsi ya kusoma mkataba wa uwanja wa ndege kati ya jiji na serikali ya shirikisho

Jiji na serikali ya shirikisho wakivutana juu ya uwanja wa ndege, wengi wetu tunakimbilia kuuliza nani ana haki. Mimi naomba tuanze kwingine: nani alipokea fedha za nani, na lini? Tutajifunza kupitia uwanja wa Santa Monica, California, ambao mvutano wake ulidumu miaka mingi na ukaishia kwenye karatasi inayosomeka.

Hatua ya 1: Tenganisha ardhi na anga.
Ardhi ya uwanja ule, ekari 227, ni ya jiji. Hapo ndipo kampuni ya Douglas ilipounda ndege za DC-3. Lakini masuala ya kuruka na kutua yako chini ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Mwaka 2008 madiwani, wakihofia usalama wa nyumba zilizo jirani kabisa na ncha za barabara ya kurukia, walipitisha sheria ndogo ya kuzuia jeti zinazotua kwa kasi kubwa. FAA ikaikataa, na mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikasimama na FAA.

Hatua ya 2: Fukua hati za zamani.
Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya shirikisho iliuchukua uwanja kwa mkataba wa kukodi. Iliporudisha mwaka 1948, ilitoa hati yenye sharti kwamba pabaki kuwa uwanja wa ndege, na jiji likikiuka, serikali inaweza kudai mali. Mwaka 2013 jiji lilienda mahakamani kutaka itamkwe kwamba ardhi ni yake bila kifungo hicho.

Hatua ya 3: Hesabu ruzuku. Hapa tulieni.
Jiji likipokea ruzuku ya FAA ya kuboresha uwanja, linasaini ahadi za kuendelea kuuendesha, na kwa kawaida ahadi hizo hudumu miaka 20. Santa Monica ilipokea ruzuku mwaka 1994. Ongeza 20, unapata 2014. Jiji pia lilikuwa na makubaliano na FAA ya mwaka 1984 ya kuendesha uwanja, yaliyokuwa yanaisha 2015, kwa hiyo wakazi walishaanza kuhesabu miezi. Kumbe mwaka 2003 ruzuku ile ilikuwa imeongezwa kiasi cha dola 240,000 hivi. FAA ikashikilia kwamba nyongeza hiyo imeanzisha hesabu upya, kwa hiyo jiji limefungwa hadi 2023. Fedha ambayo haifiki bei ya nyumba moja ya mtaa ule ikawa hoja ya kuongeza miaka ya kelele na moshi juu ya vichwa vya watu. Ndiyo maana nasema: diwani akiletewa fomu ya nyongeza ya ruzuku, asiisaini kabla hajauliza tarehe mpya ya mwisho ni ipi.

Hatua ya 4: Jua kila upande unaogopa nini.
Jiji liliogopa kushindwa kesi ya hati ya 1948, maana hapo uwanja ungebaki milele. FAA nayo ilikuwa na hatari ya kushindwa mahakamani, na miji mingine ingepata mfano. Pande mbili zikiogopa hukumu, ndipo mazungumzo yanapoiva.

Hatua ya 5: Andika kilichotolewa na kilichopokelewa.
Jumamosi, tarehe 28 Januari 2017, madiwani walipitisha makubaliano kwa kura 4 dhidi ya 3. Jiji lilikubali kuendesha uwanja hadi 31 Desemba 2028. FAA ilikubali kwamba baada ya hapo jiji linaweza kuufunga, na kwamba barabara ya kurukia ifupishwe mara moja kutoka futi 4,973 hadi 3,500. Kazi hiyo ilikamilika Desemba 2017, na jeti kubwa zilizozoea kutua pale zikalazimika kutafuta pengine. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipengele kilichowafaa wakazi zaidi, kwa sababu nafuu yake haikusubiri 2028.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mwanza: Mwalimu, kama ardhi ni ya jiji, si wangeleta tu katapila usiku mambo yaishe?

Jibu: Chicago ilifanya hivyo, ndugu yangu. Usiku wa tarehe 30 Machi 2003 meya Richard M. Daley alituma mashine zikachimba alama kubwa za X kwenye barabara ya kurukia ya Meigs Field. Asubuhi ndege 16 zilikuwa zimenaswa uwanjani. Uwanja haukufunguliwa tena, lakini jiji lililipa faini ya dola 33,000 na kurudisha dola milioni 1 za fedha za viwanja vya ndege zilizotumika kwenye ubomoaji. Siwashauri wengine njia hiyo.

Kutoka Kisumu: Shikamoo mwalimu. Je, huku kwetu gavana anaweza kujadiliana hivyo na Nairobi?

Jibu: Marahaba. Kujadiliana anaweza, ila Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka usafiri wa anga mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo aingie na kile kilicho chake, kama barabara za kaunti na mipango ya ardhi ya kaunti.

Kutoka Dallas: Dada, ina maana 2028 ikiisha, uwanja lazima ufungwe na magorofa yaanze kupanda?

Jibu: Hapana kwa yote mawili, kaka. Makubaliano yanasema jiji “linaweza” kufunga, hayalilazimishi. Uamuzi unabaki kwa madiwani. Kuhusu magorofa, Novemba 2014 wapiga kura walipitisha kipengele kinachoitwa LC: uwanja ukifungwa, bustani, maeneo ya wazi na viwanja vya michezo vya umma vinaruhusiwa, lakini ujenzi mpya wa aina nyingine hauwezi kuanza mpaka wapiga kura wenyewe waidhinishe.