Kabla hujafunga safari kwenda kusikiliza jazi New Orleans

Kwetu neno jazz lilizoeleka kwenye majina ya bendi kabla wengi hatujaisikia jazi yenyewe. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz: zote zilipiga dansi, magitaa mbele. Anayekwenda New Orleans akitarajia sauti ya Mbaraka Mwinshehe ataduwaa kidogo. Anayetarajia watu wa suti waliokaa kimya kwenye ukumbi wa hoteli ataduwaa zaidi. Mji ule una undugu na kile kigari cha matarumbeta kinachotangulia msafara wa harusi Dar, au beni ya harusi Zanzibar: muziki una mwenyewe, una shughuli yake, na wewe mgeni umeingia humo humo.

Kwa mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki, viza ndiyo inayopanga tarehe, si tamasha. Masharti na ada hubadilika na si sawa kwa kila nchi, basi soma tovuti ya ubalozi wiki ile ile unayoomba, usitegemee simulizi za binamu aliyekwenda mwaka 2019. Tiketi ya ndege isiyorudishwa pesa isubiri mpaka pasipoti iwe mkononi. Walioko Marekani tayari wana nafuu: kutoka Houston ni saa tano au sita kwa gari, na kutoka Chicago kuna treni inayolala njiani usiku mmoja.

Wengi hulenga Jazz Fest, tamasha lililoanza 1970 na ambalo hufanyika mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei kwenye uwanja wa mbio za farasi. Ni kubwa kweli, ila utalipa hoteli ghali ili umwone kwa mbali mwimbaji wa pop ambaye angekuja hata mjini kwako. Kama ni tamasha, mimi ningechagua French Quarter Festival ya Aprili: haina kiingilio na wanamuziki wengi ni wa pale pale. Bora zaidi ni wiki ya kawaida, isiyo na lolote, ya Novemba kwa mfano. Msimu wa vimbunga huanza Juni hadi mwisho wa Novemba, na miezi ya kuogopa ni Agosti na Septemba. Katrina ilipiga 29 Agosti 2005. Joto la Agosti, hata mtu wa Tanga atalilalamikia.

Ukishafika, Bourbon Street ipitie mara moja ili usiulizwe nyumbani, kisha vuka Esplanade Avenue uingie Frenchmen Street. Hapo vilabu vimebanana, na unaweza kusimama barabarani ukasikia bendi tatu kwa mpigo. Spotted Cat ni kadogo na watu hucheza wakigusana mabega. Snug Harbor ni pa kukaa na kusikiliza. Mpiga piano Ellis Marsalis, baba wa Wynton na Branford, alipiga pale kwa miaka mingi hadi uzeeni, akafariki Aprili 2020. Preservation Hall, iliyofunguliwa 1961 kwenye St. Peter Street, inataka tiketi ya mapema. Onyesho ni kama dakika 45, vinywaji haviuzwi, na muziki ukianza simu inakaa mfukoni, hakuna picha. Rika zote wanaingia, jambo la maana kwa mwenye watoto, maana baa nyingi hazipokei aliye chini ya miaka 21. Tembea na kitambulisho hata kama una mvi. Ratiba ya kila siku utaipata kwa redio ya WWOZ, 90.7 FM, ambayo pia iko kwenye intaneti; anza kuisikiliza ukiwa bado nyumbani, miezi miwili kabla.

Maana sikio nalo linahitaji kufunga mizigo. Tafuta rekodi za kiongozi wa bendi King Oliver za mwaka 1923, ambamo Louis Armstrong, kijana wa miaka 21, anapiga koneti ya pili (koneti ni ndugu mfupi wa tarumbeta). Sauti imekwaruza, vumilia. Mara ya kwanza utasikia vurugu tu. Rudia ukifuata koneti peke yake, ndiyo iliyobeba wimbo. Rudia tena ukifuata klarineti inayozunguka juu yake kama mzabibu, kisha tromboni inayoburura chini. Hakuna anayemsubiri mwenzake, na hakuna anayemkanyaga. Ukishawatenganisha hao watatu, bendi yoyote ya mtaani kule itakufungukia. Na makofi, kama yatakuja, yapige kwenye pigo la pili na la nne. Ukipiga la kwanza na la tatu watakutazama.

Sasa pesa, na hapa ndipo nilipoumbuka. Klabu nyingi za Frenchmen hazina kiingilio au kiingilio ni kidogo, nami nikadhani nimepata dezo. Mwisho wa awamu ya kwanza msaidizi wa bendi akapita na ndoo, mfukoni nina noti moja ya dola 20 na kadi ya benki. Nikajifanya nasoma bango ukutani. Sisi tuliokulia kwenye taarabu, tunaojua kuinuka na noti kumtuza mwimbaji, ndio tusingepaswa kuumbuka hivyo, kwa sababu jambo ni lile lile: ndoo ile ndiyo mshahara. Vunja pesa mapema, uwe na noti za dola moja na tano. Kwangu mimi dola tano kwa mtu kwa kila awamu ndiyo heshima ya chini, na nunua kinywaji, hata soda, maana baa ndiyo inayoweka bendi pale. Ukiomba wimbo, omba na noti. Preservation Hall ilikuwa na tangazo la bei za maombi, na "When the Saints Go Marching In" ulikuwa ghali kuliko nyimbo nyingine zote, wanamuziki walishauchoka.

Jumapili usilale. Kwa sehemu kubwa ya mwaka, ukiondoa joto la kiangazi, vyama vya kusaidiana vya mitaa hufanya gwaride mchana, kwa muda wa kama saa nne, na bendi ya matarumbeta. Wanachama na bendi ndio mstari wa kwanza. Wanaofuata nyuma wakicheza ndio mstari wa pili, na huko mwaliko hauhitajiki. Kamba iliyotenganisha wachezaji na umati usiivuke. Ukikutana na mazishi, hiyo ni habari nyingine: bendi hupiga tenzi za kanisani polepole kumsindikiza marehemu, na furaha huja baada ya kuagana naye. Ni matanga ya watu. Kamera ishushe, na ufuate tu ukiona majirani wanafuata.

Siku hiyo hiyo, kabla ya gwaride, pitia Congo Square, ndani ya bustani iliyopewa jina la Armstrong. Pale watumwa Waafrika walikusanyika Jumapili kupiga ngoma na kucheza. Ni uwanja wa mawe na miti tu. Nenda hata hivyo.

Viatu viwe vya kutembelea, vilivyozoea mguu, kwani mizizi ya miti imeipasua njia ya waenda kwa miguu. Beba vizibo vya masikio. Sousaphone, lile tarumbeta kubwa la besi linalozungushwa mwilini, ndani ya chumba kidogo halina huruma. Usiku wa manane rudi kwa teksi. Na kama safari itaangukia siku yako ya kuzaliwa, tia pini mfukoni, ubandike noti ya dola moja kifuani. Wenyeji wanajua maana yake, na wapita njia wataiongezea nyingine juu yake. Jioni unajua ndoo ipi ya kuzitia.