Kdenlive mpya, ya zamani usiifute kwanza
Kama una harusi ya watu mkononi, usilifute toleo la zamani la Kdenlive, programu ya kuhariri video, kwa sababu tu jipya limetoka. Kwenye Windows lipo lisilohitaji kusakinishwa: lishushe, liweke kwenye folda yake, yakae yote mawili. Kisha kopi faili la mradi, ulibadilishe jina, na hilo la kopi ndilo ulifungue kwa toleo jipya. Ukishasevu kwa jipya, la zamani linaweza kulikataa. Mradi wa 20.08, toleo la mwaka 2020, haufunguki kabisa kwenye matoleo ya kabla yake. Mie nilisevu juu ya faili pekee nililokuwa nalo, hapa Chake, Pemba, na bibi harusi anataka kazi yake asubuhi! Kopi yenyewe nyepesi, maana faili la mradi halibebi video, linakumbuka tu zilipo. Ukihamisha folda ya klipu, matoleo yote mawili yatakuuliza ziko wapi. Ujanja huu haufai pale simu inaporekodi kwa HEVC, namna ya kubana video, na toleo la zamani likawa linakwama kuisoma. Hapo hamia jipya tu, la zamani libaki mpaka ukabidhi kazi za nyuma.