Shotikati za kibodi kwa wanaorekodi muziki: anza na hizi

Kama bado kila kitu unakitafuta kwa mausi, yaani unapanda juu kwenye menyu, unashuka, unatafuta, unabonyeza, muda unaenda na mudi ya kuimba nayo inaenda. Ila usikimbilie kudaunilodi orodha ya shotikati 200 (vitufe vya njia ya mkato) ukidhani utazikariri, hutazikariri, na nyingi hutakuja kuzigusa maisha yako yote. Shika zile za vitu ambavyo mkono wako unafanya kila dakika: kuplei na kusimamisha, kurekodi, kufuta teki mbovu (ile rekodi ya mara moja uliyokosea), kukata, kurudufu.

Hapa naandika Ctrl, wewe wa Mac mara nyingi soma Cmd, na Alt soma Option. Majina kama Logic, Audacity, Reaper, Ableton Live, Cubase, Pro Tools na FL Studio ni programu za kurekodi na kuediti sauti. Logic iko Mac tu kwa hiyo hiyo naiandika Cmd moja kwa moja.

Spesibaa inaplei na kusimamisha karibu kila programu, hapo hamna maneno. Kasheshe iko kwenye kurekodi, kila mmoja kaamua lake. Logic na Audacity ni R, Reaper ni Ctrl+R, Ableton Live ni F9, Cubase ni ile nyota iliyoko kwenye namba za pembeni, na Pro Tools ni 3 ya kwenye namba hizo hizo. Sasa laptop nyingi hazina namba za pembeni. Wa Pro Tools tumia F12 (na laptop nyingi itabidi ushikilie Fn kwanza) au Ctrl+spesibaa, ila kwenye Mac Cmd+spesibaa inafungua Spotlight (kile kisanduku cha Mac cha kutafutia vitu), kwa hiyo kaizime kwanza kwenye seting za mashine. Wa Cubase we badilisha tu, chini nimeeleza.

FL Studio inawachanganya wengi hapa: R inawasha hali ya kurekodi tu, hairekodi chochote mpaka ubonyeze spesibaa. Na kwenye Audacity R inaendeleza pale treki (safu ya sauti) uliyochagua ilipoishia, ukitaka treki mpya ni Shift+R, usipojua hilo utajikuta korasi imegandana na beti ya kwanza kwenye mstari mmoja.

Kama unajirekodi mwenyewe bila mtu wa kukusimamia, vuta kibodi karibu na maiki ila ukimaliza kuimba nyamaza kidogo ndo ubonyeze spesibaa, maana ule mlio wa kitufe unaingia kwenye mkia wa noti ya mwisho na kuutoa pale ni kazi.

Teki ikiwa mbovu ni Ctrl+Z kila mahali, isipokuwa FL Studio, ambako matoleo mengi Ctrl+Z inarudi hatua moja, ukibonyeza tena inakirudisha ulichofuta, unabaki unazunguka hapo hapo. Ya kurudi nyuma hatua nyingi ni Ctrl+Alt+Z. Audacity nayo ina kitu kizuri ambacho watu wengi wa podikasti wanakijua na wa muziki wanakipita, Shift+D: umekosea neno, unaweka ule mstari unaoonyesha ulipo kwenye rekodi kabla ya kosa, unabonyeza, inakuchezea sekunde chache za nyuma ili uingie na pumzi ile ile, alafu inaanza kurekodi juu ya palipoharibika.

Kwenye kukata ndo shotikati zinalipa kuliko popote. Reaper ni S peke yake, Ableton Ctrl+E, Logic Cmd+T, Cubase Alt+X, Audacity Ctrl+I, Pro Tools Ctrl+E. Chukua mfano una sauti ya mwimbaji na katikati ya mistari miwili kuna mhemo mkubwa wa pumzi, uko Reaper: weka mstari kabla ya mhemo, S, sogeza baada yake, S, bonyeza kile kipande cha katikati, Delete. Ukizoea hiyo ni kama sekunde tatu hivi. Ukiona umefuta alafu vipande vyote vya mbele vimevutwa kurudi nyuma na wimbo wote umetoka kwenye biti, usipaniki, Ctrl+Z, alafu Alt+P mpaka ile hali ya kuvuta izime, kuna mtu aliiwasha, pengine ni wewe mwenyewe.

Pro Tools wana ujanja wao, juu ya dirisha la kuediti kuna kitufe kidogo cha a-z, kikiwaka herufi moja moja zinafanya kazi bila Ctrl: A inakata mwanzo wa klipu (kipande cha sauti) mpaka mstari ulipo, S inakata mwisho, B inagawanya, D inafanya sauti iingie taratibu, G itoke taratibu. Kwangu hii ndo sababu wanaoediti sauti za watu siku nzima hawataki kuhama.

Kurudufu klipu: Ctrl+D kwa Ableton, Cubase na Pro Tools, Ctrl+B kwa FL Studio, Cmd+R kwa Logic. Kuhama madirisha FL ni F5 pleilisti, F6 chaneli, F7 piano roll, F9 miksa, na Ableton ni Tab tu.

Sasa ile inayowatoa watu jasho: unabonyeza herufi, shotikati haifanyi kazi, badala yake unasikia kinanda kinalia. Kibodi yako imegeuzwa kuwa piano. Zima kwa M kwenye Ableton, Ctrl+T kwenye FL Studio, Cmd+K kwenye Logic, kila kitu kitarudi sawa.

Na kama unatumia programu mbili, usikubali kukariri mara mbili, badilisha moja ifanane na nyingine. Orodha ya shotikati kwenye Logic fungua kwa Option+K, Reaper bonyeza alama ya kuulizia (?), Cubase iko ndani ya menyu ya Edit, Audacity iko kwenye seting upande wa shotikati za kibodi. Tafuta ile ya kukata, mpe herufi unayoitaka, ikikuambia herufi ina kazi nyingine soma kwanza hiyo kazi ni ipi kabla hujaipora. Reaper inakuruhusu kutoa mpangilio wako wote kama faili moja, weka kwenye flashi utembee nayo, ila ukifika kwenye mashine ya mtu toa kwanza faili ya mpangilio wake uihifadhi ndo uingize wa kwako, maana akikaa kesho akabonyeza S ikafanya kitu kingine mtagombana bure.