Ukitaka kufungua nyumba ya wanawake walioacha pombe Kigoma, anza na kalenda ya mwezi

Kabla hujalipa kodi ya nyumba, tafuta kalenda inayoonyesha miezi ya Kiislamu na uitundike sebuleni. Nakuambia hivi nikiwa na miaka sita bila pombe na nyumba ya wanawake saba hapa Ujiji, karibu wote wanaishi kwa dagaa.

Siku za giza, usiku usipokuwa na mwezi, wavuvi wanaingia ziwani na taa zao. Asubuhi mitumbwi inatua Kibirizi na Katonga, wanawake wananunua, wanaanika, jioni wana pesa na mgongo unauma. Mbalamwezi ikija, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni wiki nzima au zaidi. Nilipoanza kuandika kwenye daftari siku walizorudia pombe wenzetu, niliona zimejikusanya mahali pawili: siku ya kwanza ya mauzo mazuri, na katikati ya mbalamwezi, wakati mtu hana kazi na mawazo yote yamemrudia. Tangu hapo nyumba naipangia kwa mwezi.

Lakini kwanza hospitali. Mwaka wangu wa kwanza nilimpokea dada aliyekuwa amekunywa gongo mpaka asubuhi ile ile. Nilidhani uji, maji na dua vitamtosha. Usiku wa pili alishikwa na degedege sakafuni, mwanawe wa miaka minne akimtazama. Alipona, namshukuru Mungu, ila sitarudia kosa hilo. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unatetemeka na kutoka jasho. Degedege huweza kuja tangu saa chache za mwanzo mpaka siku ya pili, na kuweweseka kwa hatari huja siku ya pili mpaka ya nne. Watu hufa kwa hilo. Kwa hiyo mgeni anapitia kwanza kwa madaktari, mathalani Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Anapewa dawa, anapewa vitamini B1 ambayo walevi wengi wamepungukiwa, na daktari anasema lini yuko tayari kuja kwetu. Usimruhusu mtu yeyote akuharakishe hapo, hata mama yake mzazi akija analia.

Mahali pa nyumba: mbali na mwalo, pale mitumbwi inapotua, na mbali na wauza pombe. Yetu ya kwanza ilikuwa hatua chache kutoka ufukweni, nikidhani nawarahisishia kazi. Kila jioni walipita mbele ya benchi lile lile walilokuwa wakinywea. Tulihama baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya ustawi wa jamii wajulishwe mapema, nao watakuelekeza taratibu za nyumba za upataji nafuu, yaani nyumba kama hizi za walioacha ulevi. Dawati la jinsia la polisi pia wakujue, kwa sababu atakuja mwanamume usiku kudai mkewe.

Watoto wapokee. Mwanamke akiambiwa amwache mtoto kwa jirani ndipo aje kupona, haji. Au anakuja na kuondoka siku ya tatu. Sisi tuna chumba kimoja cha wenye watoto, na mmoja wetu hubaki nao asubuhi wengine wakiwa mwaloni. Anayebaki analipwa na wenzake, si kazi ya hisani.

Sasa pesa. Nilisoma habari za nyumba za Oxford House zilizoanza Maryland, Marekani, mwaka 1975: wakazi wanajiendesha kwa kura, wanajilipia gharama, na anayerudia ulevi anatolewa. Mawili ya kwanza nimeyachukua yalivyo. Kila Ijumaa usiku tunakaa mkekani, na sauti yangu ni moja kama ya aliyeingia wiki iliyopita. Mchango ni shilingi 2,000 kwa siku, lakini siku za giza tu; mbalamwezi hakuna anayedaiwa, kwa sababu deni ni kisingizio kizuri sana cha kunywa. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Siku ya mauzo hakuna anayerudi nyumbani peke yake: wawili wanaongozana, pesa inaingia sandukuni kabla ya magharibi, kisha ndipo watu wanaoga.

La tatu nimelibadilisha. Aliyekunywa halali ndani usiku huo, hilo halina mjadala, maana wengine sita wananusa. Ila hatupwi barabarani. Kuna dada aliyemaliza kwetu anaishi Gungu, anampokea, asubuhi anampeleka kwa daktari. Baada ya siku 14 anaweza kuomba kurudi, na wenzake wanapiga kura. Nimewahi kushindwa kura hiyo nikimtetea mtu niliyempenda. Niliumia, lakini nilinyamaza.

Mbalamwezi ndiyo inayohitaji akili zaidi. Tunaijaza kazi kabla haijafika: kutengeneza sabuni ya mawese, kurekebisha chanja, kupalilia mchicha. Wawili wetu walianza kufunga zile siku tatu nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, na wengine, hata wasio Waislamu, wanawaandalia futari. Ile saa kati ya alasiri na isha, ambayo zamani ilikuwa ya kilabuni, sasa ina moto jikoni na mtu anayesubiriwa. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti 2024, niliogopa sana. Ilikuwa kama mbalamwezi ya miezi mitatu. Sabuni ndiyo iliyotulisha. Ukifungua nyumba, uwe na kazi moja isiyotegemea maji.

Kuhusu muda wa kukaa: usiweke miezi mitatu kwa wote kwa sababu mfadhili kasema. Sisi tunaangalia kama mtu amepita siku kuu mbili, msiba mmoja na mbalamwezi sita bila kunywa. Akitimiza, anatafuta chumba, na tunakwenda watatu kukikagua, hasa nani anaishi mlango wa pili.

Siku ya kuhama ni siku ya kwanza ya giza, kamwe si kabla. Anaondoka na godoro, ndoo mbili, jiko la mkaa na akiba yake iliyohesabiwa mbele ya wote. Asubuhi inayofuata mmoja wetu anamgongea saa kumi na moja, wanakwenda mwaloni pamoja. Ijumaa mahali pake mkekani panabaki wazi, na chai yake inamiminwa.